Meza ya cherehani: isukume ubavuni kabla hujatoa hela

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Meza yangu ya kwanza ya cherehani niliinunua kwa macho. Nyeupe, droo mbili upande wa kulia, miguu myembamba ya chuma cheusi, kwenye picha wameweka cherehani na kikopo cha maua pembeni na mkasi umelazwa kama nao umekuja kupigwa picha, mi nikaona hii ndo yenyewe. Ikaletwa kwenye boksi, nikaifunga mwenyewe na kile kifunguo cha kujipinda, nikaipiga picha nikamtumia dada yangu. Wiki nzima nikashona vitu vidogo vidogo, foronya, vifuko, viraka, sikuona shida yoyote. Siku nimeweka mapazia, mstari wa mita mbili na nusu kwenda moja kwa moja, nikakanyaga pedali mpaka chini, jamani. Kisahani cha pini kikaanza kutembea. Yaani kinatembea chenyewe, polepole, kinaelekea ukingoni kama kimeitwa, na mimi mikono yote miwili iko kwenye kitambaa siwezi kukidaka. Kikafika, kikadondoka, pini zote chini ya meza na mi niko peku.

Kwanza nikalaumu cherehani. Nikabadilisha sindano nikaweka namba 14 badala ya 11, nikatoa bobini nikasafisha manyoya ya pamba chini ya meno, nikatia mafuta, wapi. Mshono unaenda kama nyoka, ukipunguza mwendo unanyooka, ukiongeza unaanza tena. Nikaibeba mpaka kwa fundi. Fundi akaipachika juu ya meza yake, limeza limechubuka rangi, madoa ya mafuta kila mahali, akakanyaga, mshono ukatoka umenyooka kama umepigiwa rula. Akanirudishia kile kitambaa cha majaribio akaniuliza, "Dada, kwani nyumbani unashonea wapi?" Sikumjibu. Akasema basi mgonjwa umemwacha nyumbani, umeniletea mzima.

Sasa tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuinama chini ya meza za watu. Nikienda kumtembelea mtu anayeshona, kabla sijakaa nimeshaisukuma meza yake. Nimenunua nyingine mbili baada ya ile, moja nimeiuza, nyingine ndo naishonea mpaka leo, na nimewasindikiza marafiki kununua za kwao, kwa hiyo haya ninayoandika hapa siyo ya kusoma kwenye boksi.

Sitakwambia upime chumba chako. Sitakwambia uchague rangi inayoendana na ukuta, wala uhesabu droo, wala uangalie kama ina sehemu ya kuweka mkasi. Hayo unayajua, na ndo hayo hayo yaliyoniponza. Kimo nitasema kidogo tu: meza ya kulia chakula huwa na kama sentimita 75, ukiweka cherehani juu yake kitako cha cherehani kinaongeza sentimita kadhaa zaidi, mabega yanapanda mpaka masikioni, jioni shingo inauma unadhani umelala vibaya. Kaa kwenye kiti chako, kunja viwiko, mikono iwe inalala bapa pale sindano inapotua. Basi, hiyo ndo hesabu ya kimo.

Mi shida yangu ni moja tu, na hakuna muuzaji anayeitaja: kuyumba ubavuni.

Watu wengi wakitaka kujua kama meza ni imara wanaikandamiza. Wanaweka viganja viwili juu, wanabonyeza chini, haizami, wanasema hii ngumu. Wengine wanaikalia kabisa. Muuzaji naye anakuonyesha lebo, inabeba kilo 100. Sawa, lakini cherehani haikai juu ya meza kama gunia la mchele. Cherehani ya nyumbani inapiga mishono 800 kwa dakika, nyingine inafika 1,000, hiyo mia nane ukiigawa ni kama mara 13 kila sekunde, mara 13 chuma kinapanda na kushuka, meno yanasukuma nguo nyuma yanarudi, na ukiweka zigizagi ule mti wa sindano wote unarushwa kushoto kulia kushoto kulia. Kushoto kulia! Cherehani tunaiweka imelala kufuata urefu wa meza, kwa hiyo hiyo zigizagi inaisukuma meza kwenye urefu wake, na urefu ndo upande ambao meza nyingi hazina kitu kabisa cha kuzishika. Angalia hizi meza za miguu ya chuma: mguu wa mbele na wa nyuma wameunganishwa kwa welding, mbele na nyuma hapo ipo vizuri, ila kati ya jozi ya kushoto na jozi ya kulia hakuna chochote isipokuwa ubao wa juu na skrubu nne za kila upande. Skrubu zenyewe zimeingia kwenye chipbodi.

Kama hunielewi fanya hivi. Kata vipande vinne vya karatasi ngumu, virefu sawasawa, vishikanishe pembeni kwa pini vifanye mraba. Sukuma kona moja ya juu. Si umeona, mraba umelala, hakuna pini iliyong'oka wala karatasi iliyokunjika. Sasa chukua kipande cha tano kibandike mshazari, kutoka kona ya juu mpaka kona ya chini ya upande wa pili. Sukuma tena. Haiendi. Hiyo ndo siri nzima, hicho kipande cha tano ndo tunachokitafuta kwenye meza. Kinaweza kuwa mbao ya mshazari, kinaweza kuwa chuma cha msalaba, kinaweza kuwa bodi nzima imefunga mgongo wa meza, ilimradi kiwepo. Kisipokuwepo ujue kazi yote imeachiwa skrubu.

Na chipbodi ikishaachiwa hiyo kazi inachoka mapema. Ile ni chembechembe za mbao zimegandishwa kwa gundi, skrubu ikichezacheza ndani ya tundu inasaga ukuta wa tundu, unakaza leo, mwezi ujao unakaza tena, siku moja unazungusha bisibisi inazunguka tu bila kushika, ukichomoa skrubu inatoka na vumbi. Yangu ilifika huko ndani ya miezi minne. Niliijaza njiti za kiberiti na gundi, ikashika wiki mbili.

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni kwamba meza haiyumbi muda wote. Ina mwendo wake inaoupenda. Ukienda taratibu imetulia, ukifika mwendo fulani wa kati inaanza kucheza vibaya, ukizidisha hapo wakati mwingine inatulia tena. Ndo maana mtu anajaribu dukani kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono anaona shwari, anafika nyumbani anachanganyikiwa. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea, ukisukuma kwa wakati wake anapaa, ukisukuma hovyo hapandi.

Jinsi ya kupima, na hii ifanye mbele ya muuzaji bila aibu, akinuna anune. Simama upande mfupi wa meza. Weka vidole viwili kwenye kona ya juu, sukuma kufuata urefu wa meza, siyo kwa nguvu, kama unavyosukuma mlango uliorudishiwa, halafu achia ghafla. Meza nzuri inarudi papo hapo na kunyamaza. Meza mbaya inaenda, inarudi, inaenda tena, na ukiangalia juu utaona kama kuna kitu kimewekwa kinatikisika. Mimi naweka bobini nimeisimamisha kwa ukingo wake, bobini haina siri, ikibingirika tu basi. Pili nyanyua kona moja ya mbele polepole. Kabla hujafika juu sana mguu mwingine unatakiwa uwe umeshaanza kunyanyuka nao. Ukiona kona imepanda kiganja kizima na miguu mingine mitatu bado imeng'ang'ania sakafu, meza inajikunja kama mkeka, iache. Tatu, inama uchungulie chini. Hapo chini ndo kuna meza yenyewe, juu ni pambo.

Haya, tupange. Napanga kwa kuyumba tu, sijali mengine.

Namba moja, na hapa sijifichi, ni stendi ya chuma ya Singer, ile ya kukanyaga ya zamani. Najua utasema huyu bibi sasa anatupeleka kwa babu zetu. Nisikilize kwanza. Zile mbavu mbili za kushoto na kulia ni chuma cha kumimina, na katikati kwa nyuma zimefungwa na chuma kingine cha mkingamo kwa bolti, mara nyingi kimeandikwa SINGER kwa herufi kubwa. Hicho chuma chenye jina, watu wanadhani ni urembo, ndo kile kipande cha tano. Waliotengeneza hii kitu walijua kuna mtu atakanyaga kwa miguu siku nzima na juu kuna kichwa cha chuma, yaani cherehani yenyewe bila meza, kina kilo 10 na ushee, meza ikiyumba hakuna kazi. Na hawa jamaa meza walianza kuiwaza mapema, cherehani ya Singer ya mwanzo kabisa, ya 1851, boksi lake la kusafirishia ndo liligeuzwa kuwa meza ya kushonea. Nina uhakika lile boksi lingeishinda meza yangu nyeupe.

Unachofanya ni hivi. Huhitaji cherehani ya kukanyaga, unatafuta stendi tu. Ule ubao wake wa juu mara nyingi umeshavimba kwa maji na ngozi ya mbao imebanduka, usiuhurumie, utoe. Chukua plaiwudi ya milimita 18 shiti mbili, zipige gundi zibane pamoja usiku kucha, unapata ubao wa milimita 36, kata saizi unayotaka, ifunge kwenye matundu yale yale ya stendi kutokea chini. Juu weka cherehani yako yoyote, hata hii ya plastiki ya umeme. Pedali ya umeme iweke juu ya kile kikanyagio cha chuma, ila kikanyagio kifunge kwa kamba kisiyumbe, au kitoe kabisa ukaweke stoo.

Kama unataka kuzamisha cherehani kwenye tundu iwe sawa na meza, basi angalia kichwa ulichonacho. Singer za modeli 15, 66 na 201 zina kitako cha saizi moja, karibu sentimita 37 kwa 18, na zile nyeusi nyingi za Kichina zilizoigiza 15 kina Butterfly zinaingia humo humo. Lakini 28, 128 na 99 ni ndogo, kitako kifupi, ukinunua meza yenye tundu la 66 halafu una 99 nyumbani itaning'inia. Pima kwa rula, usimwamini mtu anayekwambia Singer zote ni sawa mama.

Wakati wa kununua angalia nyufa, siyo kutu. Kutu unaipiga brashi ya waya na mafuta inaisha. Chuma cha kumimina kikipasuka kukichomelea ni kazi ya mtu anayejua sana, fundi wa mageti atakiharibu zaidi. Nyufa zinapenda kukaa kwenye matundu ya bolti za ule mkingamo, pitisha kucha hapo, kucha ikikwama washa tochi. Bolti zikilegea kaza, hiyo siyo ubovu. Nyingine zina vigurudumu vidogo chini, vitoe au vikalishe kwenye vibao vyenye shimo, maana meza ngumu yenye magurudumu itakufuata chumba kizima.

Hapa lazima niseme jambo linaloniudhi. Hizi stendi kiwanda hakizitoi tena, kile kiwanda kikubwa cha Singer cha Clydebank kule Uskoti kilifungwa 1980, kwa hiyo zilizopo ndo hizo hizo zinazunguka. Na kuna watu wanazinunua wanazifanya meza za sinki. Sinki! Wanaweka beseni la kunawia mikono juu, au kioo, wanauza kwa wenye mahoteli, na tangu wamegundua hiyo biashara bei imepanda kama nini, mtu ambaye stendi yake ilikuwa nyuma ya banda kuku wanalalia juu ukimuuliza tu bei anakutazama viatu kwanza, halafu anakwambia "hii ni antiki". Jana ilikuwa chuma chakavu, leo antiki. Ushauri wangu ukienda kuulizia usiseme neno Singer, sema unatafuta miguu ya meza.

Namba mbili ni meza ya kiwandani, zile wanazofungia cherehani za Juki na wenzake. Ubao wake ni kama sentimita 120 kwa 50 na kitu, mnene karibu sentimita 4, miguu ya chuma inapandishwa na kushushwa kwa bolti, na kumbuka zimetengenezwa kubeba cherehani kama Juki DDL-8700 ambayo inakwenda mpaka mishono 5,500 kwa dakika, sasa wewe na mia nane zako utaitikisa na nini. Mi nimeiweka ya pili kwa sababu mbili. Moja, nyingi zinauzwa ubao umeshakatwa tundu la kichwa cha kiwandani, cherehani ya nyumbani haikai hapo, itabidi utafute ubao mzima au uzibe tundu kwa plaiwudi. Pili, miguu yake ipo ya aina aina. Kuna wa umbo la T na kuna wa umbo la K, yaani ule wenye kiungo cha mshazari. Chukua K. Ule wa T ukiupandisha juu kabisa na chuma chake chembamba, ukiusukuma utaona unanesa, na chuma kirefu cha chini kinachounganisha miguu wengine wanakuuzia bila hicho, wanasema ni cha kuwekea pedali tu. Siyo cha pedali tu bwana.

Namba tatu itakushangaza: meza kuukuu ya ofisi. Ile ya kizamani, nzito, ya karani, yenye bodi mbele inayoficha miguu ya aliyekaa. Ile bodi iliwekwa kwa ajili ya heshima, watu wasikuone magoti, lakini bila kukusudia wamekufungia mraba wote, hiyo meza ukiisukuma ubavuni ni kama kusukuma kabati. Ukikuta ofisi inahama wanauza vitu, nenda. Hakikisha tu bodi imefika chini vya kutosha na imefungwa miguu yote miwili, kuna nyingine bodi ni kipande cha upana wa kiganja kimening'inizwa katikati, hiyo haisaidii kitu. Na zile droo za chini zilizofika mpaka sakafuni, kama zimejengwa pamoja na meza nazo zinashika vizuri. Kimo ndo tatizo, nyingi ni ndefu, utakata miguu ikiwa ya mbao.

Namba nne, seremala. Ningeiweka namba moja kama maseremala wangetengeneza wanachoambiwa. Mimi ya pili yangu niliagiza kwa seremala, nikamchorea kabisa, mbao ya mshazari kwa nyuma, nikaandika na vipimo, nikaenda kuichukua nikakuta amepaka vanishi inang'aa unaweza kujitazama, kona za mbele amezichonga maua, mshazari hakuna. Namuuliza ananiambia "nimeona itaharibu muonekano dada". Nyuma! Inaegemea ukutani! Nani ataiona? Ndo ile niliyoiuza. Kwa hiyo ukienda kwa seremala mwambie mambo haya na usimalizie hela mpaka umeyaona: mshazari wa nyuma au plaiwudi nzima mgongoni, mbao ya kufungia miguu chini karibu na sakafu pande mbili fupi, ubao wa juu usipungue milimita 30, miguu iingie kwenye fremu kwa ulimi na tundu siyo kupigiliwa misumari, na mbao iwe imekauka. Mbao mbichi itasinyaa, viungo vitaachia, utarudi kule kule. Maua achonge akitaka.

Namba tano ni makabati ya cherehani, yale unafungua mlango, unanyanyua kijukwaa, cherehani inapanda juu kutoka ndani kama mfalme. Kuna kampuni zinazotengeneza haya, kama Horn ya Australia, na mazuri yake yana mgongo wa bodi kwa hiyo kabati lenyewe haliyumbi. Kinachoyumba ni kile kijukwaa, maana cherehani imekalia kibao kinachobebwa na mikono ya bawaba na springi. Ukienda kuangalia usisukume kabati, sukuma cherehani yenyewe ikiwa juu. Watu wanasahau hilo wanasifia milango. Na bei zake usiombe.

Meza za kupandisha kwa umeme, za kusimama, ukiishusha chini kabisa zinavumilika, ukiipandisha zinayumba kama mnazi. Meza za plastiki za kukunja, hapana. Meza za kompyuta za kufunga mwenyewe kama yangu, zile nyingine ubao ukiugonga unalia kama ngoma kwa sababu ndani ni makaratasi yamepangwa kama sega la nyuki, hapana. Meza ya kulia chakula nene ya mbao ngumu, sawa, ila utagombana na wenye njaa.

Nirudi kwa wauzaji kidogo maana bado sijamaliza nao. Hivi kwa nini meza ile ile, miguu ile ile, ikiitwa meza ya kompyuta ina bei yake na ikiitwa meza ya cherehani bei inaruka? Nimezilinganisha mwenyewe, nimeinama nimehesabu matundu ya skrubu, ni meza moja, tofauti ni mfuko wa kitambaa wa kuning'iniza pembeni wa kuwekea bobini. Mfuko! Sisi ndo tunaoshona mifuko! Na wanaandika "imara zaidi" bila kusema imara kuliko nini. Wanakupa urefu, upana, kimo, uzito inaobeba, picha nane za juu, picha ya chini hata moja hamna, na ukiomba wakupigie picha ya chini wanakuuliza unataka ya nini. Nilipolalamika kuhusu ile yangu jibu nililopata ni "weka mkeka wa raba chini ya cherehani". Nikanunua na huo mkeka, kwake yeye yeye. Mkeka wa raba unapunguza kelele, unazuia cherehani kuteleza, hiyo kweli, lakini meza ikiyumba inayumba na mkeka wake na cherehani yake, wote wanaenda safari moja. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia na gunia nikalilipia.

Kama umeshanunua mbovu na huna hela nyingine, usiitupe. Chukua plaiwudi ya milimita 12, ipime ifunike mgongo wote kutoka mguu wa kushoto mpaka wa kulia, ikikosekana ya kutosha hata nusu ya juu inasaidia, ifunge kwa skrubu nyingi, siyo nne, kila sentimita kumi weka moja, miguu ikiwa ya chuma toboa upige bolti na wosha. Vile vyuma vya L vinavyouzwa pakiti pakiti havitoshi, vinashika kona ile ile dhaifu kwenye chipbodi ile ile dhaifu. Kama hutaki bodi, waya wa chuma miwili ya msalaba kwa nyuma na vile vikazio vya kuzungusha, unakaza mpaka waya unalia, inafanya kazi vizuri tu na ni nyepesi. Wakati unatafuta vifaa, sukumia meza kwenye kona ya chumba, upande mfupi uguse ukuta kabisa, na cherehani iweke karibu na mguu badala ya katikati. Katikati ya ubao ndo panaponesa.

Mi ya kwangu ile nyeupe nimeifanyia hivyo hivyo, nimeipiga plaiwudi mgongoni mwenyewe siku ya mapumziko, sasa imebeba oveloki, ile cherehani ya kufunga kingo za nguo, na oveloki ndo mtikisaji kuliko wote, na bobini nikiisimamisha inasimama. Droo ya chini tu ndo haifunguki tena. Skrubu moja ilipitiliza ikaingia kwenye droo, na ndani mna mita yangu ya kupimia na kastabini ya marehemu mama, nasikia vinagongana nikishona.